Kapteni wa The Sound of Music anadai haki yake vitabuni

Filamu ya The Sound of Music inakwisha kwa familia ya watu tisa inayopanda mlima. Baba amembeba kitindamimba mgongoni, wengine wanamfuata, na mtazamaji anaambiwa kuwa ng'ambo ya kilele kuna Uswisi na usalama. Mwisho huo umewatoa watu machozi tangu Machi 1965. Tatizo lake ni ramani. Salzburg haipakani na Uswisi. Inapakana na Ujerumani. Anayepanda milima ya jirani na mji huo na kuteremkia upande wa pili anatua Bavaria, karibu na Berchtesgaden, mahali ambapo Adolf Hitler alikuwa na makazi yake ya mlimani.

Familia halisi ya von Trapp haikufanya kosa hilo. Mwaka 1938, miezi michache baada ya Wanazi kuitwaa Austria, walifunga mizigo na kupanda treni kwenda Italia. Kapteni Georg von Trapp alizaliwa Zadar, mji wa pwani ya Adriatiki ambao baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia uliangukia mikononi mwa Italia, kwa hiyo yeye na jamaa zake walikuwa na uraia wa nchi hiyo. Kutoka huko walifika Marekani kuimba, na hatimaye wakahamia huko moja kwa moja.

Wapo mashabiki wasiotaka kabisa kuzisikia habari hizi. Kwao, kitabu kinachoifumua filamu pendwa ni sawa na mgeni anayeingia jikoni na kuanza kufunua masufuria. Waacheni watu wafurahie, wanasema. Nani aliomba somo la jiografia? Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama filamu yenyewe ingekuwa hadithi ya kubuni tangu mwanzo. Lakini Georg na Maria von Trapp walikuwa watu wa kweli, na filamu ilitumia majina yao hayo hayo mbele ya dunia nzima. Vitabu ndiko wahusika walikopata nafasi ya kujibu, na ndiko mamia ya watu waliofanya kazi nyuma ya kamera walikotambuliwa. Anayeipenda filamu hii anadaiwa usomaji huo. Habari njema ni kwamba deni lenyewe ni tamu kulilipa.

Kwanza, ukubwa wa filamu yenyewe. Kampuni ya 20th Century-Fox ilikuwa hoi kifedha baada ya kumwaga zaidi ya dola milioni 30 katika Cleopatra ya mwaka 1963. The Sound of Music, iliyoongozwa na Robert Wise kwa gharama ya takriban dola milioni 8, iliiinua tena. Ilitwaa tuzo 5 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, na kufikia mwishoni mwa 1966 ilikuwa imeipiku Gone with the Wind kwa mapato. Wahakiki hawakufurahishwa, Pauline Kael aliishambulia bila huruma. Watazamaji hawakumsikiliza. Walirudi tena na tena, na wengi wao waliondoka ukumbini wakiamini kuwa wameiona historia.

Kitabu kilichoanzisha yote ni cha Maria mwenyewe, The Story of the Trapp Family Singers, kilichotoka mwaka 1949. Humo msomaji anakutana na Maria mwingine kabisa. Ni kweli alitumwa kutoka abasia ya Nonnberg, lakini hakwenda kuwa yaya wa watoto saba. Alikwenda mwaka 1926 kumfundisha mtoto mmoja tu, aliyeitwa Maria kama yeye, ambaye alikuwa amedhoofishwa na ugonjwa hadi akashindwa kwenda shule. Yeye na Georg walioana Novemba 1927, zaidi ya miaka kumi kabla Wanazi hawajaingia. Siku ya kuondoka Austria walikuwa na mabinti wawili wao wenyewe, na Maria alikuwa mjamzito. Mapenzi ya ghafla kwenye kibanda cha bustanini hayamo. Maria anakiri waziwazi kwamba aliwapenda watoto kwanza na kuolewa kwa ajili yao. Mapenzi kwa mume yalikuja baadaye, yakamea ndani ya ndoa.

Kuna jambo jingine ambalo filamu ililiacha kabisa, nalo ni ufukara. Kwenye skrini, nyumba ya Kapteni ina vinara vya kioo na watumishi mpaka dakika ya mwisho. Katika maisha halisi, benki iliyokuwa imehifadhi fedha zake ilianguka mwaka 1935. Familia ikapunguza watumishi, ikapangisha vyumba, na uimbaji uliokuwa burudani ya jioni ukageuka kuwa riziki. Ukilijua hili, muziki wa familia hiyo unapata uzito mwingine. Waliimba kwa sababu walipenda, lakini pia waliimba kwa sababu walihitaji kula. Robo tatu ya mvuto wa kitabu cha Maria iko huko ambako filamu haikufika: safari za basi Marekani, Kiingereza cha kuokoteza, na shamba la Stowe, Vermont, ambalo familia ililijenga kwa mikono yake.

Msomaji yeyote aliyewahi kuimba kwaya Afrika Mashariki atagundua pengo jingine mara moja. Makwaya mengi ya makanisa yetu yamelelewa kwa nota za do-re-mi, mfumo ambao Mwingereza John Curwen aliueneza katika karne ya 19 na wamisionari wakaubeba mpaka huku. Mwanakwaya anajua kuwa sauti nne hazipatikani kwa gitaa moja na mchana mmoja kilimani. Nyuma ya kila kwaya inayoimba vizuri kuna mwalimu mkali anayerudiarudia mstari mmoja mpaka wa besi waupate. Kwaya ya von Trapp nayo ilikuwa na mwalimu wake: Padre Franz Wasner, aliyewafundisha, akawapangia nyimbo, akawaongoza jukwaani na kuondoka nao kwenda ugenini. Filamu ilimfuta. Mahali pake tunamwona Max Detweiler, wakala mchangamfu anayewania nafasi ya tamasha. Max anachekesha, lakini mwalimu wa kwaya yeyote ana haki ya kununa.

Aliyedhulumiwa zaidi ni Kapteni. Georg von Trapp halisi alikuwa kamanda wa nyambizi wa Dola ya Austria-Hungaria, na mwaka 1915 aliizamisha meli ya kivita ya Ufaransa, Léon Gambetta. Mke wake wa kwanza, Agathe Whitehead, alikuwa mjukuu wa Robert Whitehead, Mwingereza aliyebuni topido. Vita vilipokwisha, Austria ilibaki bila pwani, na yeye akabaki nahodha asiye na bahari. Mwaka 1922 mkewe akafariki kwa homa ya vipele vyekundu na kumwachia watoto saba. Filamu ilimchukua mtu huyu na kumgeuza baba baridi anayepuliza kipenga, anayepiga marufuku muziki nyumbani na kuwapanga wanawe kama askari.

Binti yake mkubwa, ambaye naye aliitwa Agathe, alisubiri hadi alipokuwa na takriban miaka 90 ndipo akatoa kitabu chake, Memories Before and After The Sound of Music. Ni kitabu cha sauti ya chini, kisicho na hasira ya wazi, na kwa sababu hiyo kinachoma zaidi. Kipenga kilikuwepo, anakubali. Nyumba na bustani vilikuwa vikubwa, na kila mtoto alikuwa na mlio wake wa kuitiwa. Gwaride halikuwepo. Baba aliyemfahamu yeye alikuwa mpole, alipiga ala kadhaa za muziki, na aliimba na watoto wake kabla Maria hajaukanyaga mlango wao. Watoto wa familia hiyo wamesimulia pia kuwa mwenye hasira za kulipuka nyumbani alikuwa Maria, na aliyetuliza mambo ni Georg. Maria mwenyewe aliomba mumewe apunguziwe ukali katika hadithi. Ombi lake halikufua dafu.

Georg asingeweza kujitetea. Alifariki mwaka 1947, miaka 12 kabla tamthilia ya Rodgers na Hammerstein haijafunguliwa Broadway. Maria naye alikuwa amefungwa mikono. Katika miaka ya 1950 aliuza haki za hadithi yake kwa watengenezaji filamu wa Ujerumani kwa takriban dola 9,000, na kilichotokea baada ya hapo kikawa nje ya uwezo wake. Wajerumani walitoa filamu mbili, mwaka 1956 na 1958. Broadway ikafuata 1959, kisha Hollywood. Kila mkono ulioipokea hadithi uliipunguza hapa na kuiongeza pale. Mtoto wa kwanza wa Kapteni, kwa mfano, alikuwa mvulana, Rupert, ambaye mwaka 1938 alikuwa ameshakuwa daktari. Kwenye skrini nafasi yake imekaliwa na msichana wa miaka 16 anayempenda mpeleka simu za maandishi.

Kwa kusoma haya tu, mtu anaweza kudhani vitabu vyote vimekuja kuishtaki filamu. Sivyo. Rafu ya pili ni ya walioitengeneza, na humo ndimo raha ya kitoto ilimo. Cha Julia Antopol Hirsch, kilichochapishwa 1993 chenye dibaji ya Wise, kinafuatilia kazi hiyo siku kwa siku. Chukua picha ya ufunguzi, Julie Andrews, aliyeigiza Maria, akizunguka juu ya kilima huku amefungua mikono. Inaonekana nyepesi kama pumzi. Ilipigwa kwa helikopta iliyomwendea kwa chini, mpiga picha akiwa amefungwa kamba kando yake. Kila mara helikopta ilipogeuka kurudi mwanzo, upepo wa mapanga yake ulimbwaga Andrews majanini. Anainuka, anakung'uta gauni, anatembea mpaka alama yake, anaanza upya. Kijito kilicho katika sehemu hiyo kilichimbwa na watengenezaji, na mwenye shamba, aliyechoshwa na wageni, akakitoboa kwa uma wa nyasi maji yakapotea. Miti kadhaa nayo ililetwa kutoka kwingine na kupandwa. Kilima kilichoimbwa kama mfano wa uasili kilikuwa, kwa siku hizo, karakana ya maseremala.

Mvua ndiyo mhusika mkuu asiyeandikwa katika orodha ya waigizaji. Salzburg iliwanyeshea watengenezaji kiasi kwamba kazi iliyopangiwa wiki sita ilichukua takriban wiki kumi na moja, kuanzia Aprili mpaka mwanzoni mwa Julai 1964. Watoto walikua wakiwa kazini. Nicholas Hammond, aliyeigiza Friedrich, alirefuka kwa kasi mpaka ikabidi wengine wapewe viatu vya kuwainua ili picha zioane. Kym Karath, mdogo kuliko wote, hakujua kuogelea. Mpango ulikuwa mtumbwi ukipinduka Andrews aangukie mbele amdake. Andrews akaangukia nyuma, na mtoto akamezwa na ziwa hadi wengine walipomwopoa. Tazama tena sehemu hiyo ukiwa na habari hizi na uone kama utacheka vilevile.

Charmian Carr, aliyeigiza binti wa miaka 16 akiwa na miaka 21, ameyasimulia haya katika Forever Liesl ya mwaka 2000. Simulizi lake la ngoma ya ndani ya kibanda cha vioo linatosha kukiuza kitabu. Viatu vyake vipya havikuwa vimewekwa mpira wa kuzuia utelezi. Aliruka kutoka benchi moja kwenda jingine, akateleza, akapasua kioo kwa mguu. Kifundo kiliumia. Kikafungwa bendeji, bendeji ikapakwa vipodozi vya rangi ya ngozi, na ngoma ikaendelea. Msichana anayeruka kwa furaha ya penzi la kwanza alikuwa anakanyagia maumivu. Hakuna mtazamaji aliyeweza kujua, na hiyo ndiyo sifa ya kazi yake.

Kibanda hicho hicho kina kisa cha pili. Wakati wa wimbo wa mapenzi wa Maria na Kapteni, taa kubwa za studio zilikuwa zikitoa mlio wa aibu, kama wa mtu aliyevimbiwa. Andrews na Christopher Plummer walikuwa uso kwa uso, wakitazamana machoni, na kila taa ilipolia walikufa kwa kicheko. Wise alipochoka akaagiza mwanga upunguzwe, wawili hao waonekane kama vivuli tu. Tukio ambalo watu wengi wanalisifu kwa upole wake lilizaliwa na mwongozaji aliyekuwa anaficha nyuso za watu wanaocheka. Kisa hiki hakipunguzi chochote. Kinamfundisha msomaji kuwa mwongozaji hodari hutumia hata taa mbovu.

Plummer anastahili aya yake. Katika tawasifu yake ya 2008, In Spite of Myself, hafichi kuwa aliidharau filamu kwa miongo kadhaa na kuibatiza jina la kejeli lenye kamasi ndani yake. Alijiona mwigizaji wa Shakespeare aliyenaswa katikati ya watoto na watawa. Kilichomuuma zaidi ni kuimbiwa: sauti ya Kapteni nyimbo zinapoanza ni ya Bill Lee. Hakuwa peke yake. Peggy Wood, aliyeigiza Mama Mkuu wa abasia, aliimbiwa na Margery McKay. Noti ya juu ya mtoto Kurt katika wimbo wa kuagana ilitoka kooni mwa Darleen Carr, mdogo wake Charmian. Na Marni Nixon, aliyekuwa amewaimbia Natalie Wood na Audrey Hepburn bila kuonekana, hatimaye alipewa sura yake humu, kama Sista Sophia. Kwa mpenzi wa muziki, kuyajua majina haya ni sehemu ya kuusikiliza wimbo vizuri.

Vitabu hivi havikwepi siasa pia. Watengenezaji walipotaka kutundika bendera za Wanazi katika uwanja wa Residenzplatz, viongozi wa Salzburg walisita. Mwaka huo wa 1964, watu wengi walioishangilia bendera hiyo mwaka 1938 walikuwa bado wanatembea mitaani. Watengenezaji wakajibu kwamba kama hawataruhusiwa, watatumia picha za habari za wakati ule, zinazoonyesha umati halisi ukishangilia. Ruhusa ikatoka. Sehemu yenyewe ni ya sekunde chache na hakuna anayeshangilia. Meneja mmoja wa Fox huko Munich alikwenda mbali zaidi: alikata theluthi yote ya mwisho, filamu ikaishia harusini, na Wanazi wasionekane. Alifukuzwa kazi. Mtu anayedai kuwa filamu hii ni peremende tupu aulizwe kwa nini peremende ilihitaji kukatwa.

Hapa ndipo hoja ya kwamba vitabu huua utamu inaposhindwa kabisa. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, hakuna aliyelalamika kuwa kumjua Siti alivyotembeza vyungu kabla ya umaarufu kungeharibu santuri zake alizorekodi Bombay kuanzia mwaka 1928. Msomaji wa Kiswahili amezoea kumpenda msanii na kutaka habari zake kwa wakati mmoja. Filamu haina sababu ya kupewa kinga ambayo taarabu haikuiomba.

Si kila kitabu kuhusu The Sound of Music kinafaa. Soko limejaa majalada makubwa ya picha yanayotolewa kila filamu inapotimiza miaka 25, 40 au 50, yenye sifa nyingi na habari chache. Hayo ni zawadi za sikukuu. Anayetaka kusoma kwa faida aanze na Agathe, kwa sababu ndiye mwenye neno lililocheleweshwa zaidi. Afuate Maria, ambaye ana ucheshi na majivuno yake, na ambaye hakubaliani na binti wa kambo kila mahali. Tofauti zao zisomwe pamoja. Kisha Hirsch kwa ajili ya kazi, na Carr au Andrews kwa ajili ya moyo. Home Work ya Andrews, iliyotoka 2019, inaonyesha jinsi alivyohangaika kumfanya Maria asiwe mtamu kupita kiasi.

Plummer abaki wa mwisho. Baada ya kurasa zote za manung'uniko, anasimulia alivyojikuta katika sherehe ya watoto ya Pasaka filamu ikionyeshwa, akalazimika kuitazama, na akakubali kuwa imetengenezwa vizuri sana. Sifa hiyo ina thamani kuliko ya shabiki aliyeipenda bila kuuliza, maana imetoka kwa mtu aliyejua kila taa iliyolia na kila noti ambayo si yake.